Moyo Ukienda Mbio Bila Kukimbizwa

Ugonjwa wa hofu ya ghafla humpeleka mtu hospitali usiku wa manane na kumrudisha nyumbani na majibu safi mkononi. Majibu safi pekee hayamponyi. Tiba yake ipo, na sehemu kubwa yake iko ndani ya uwezo wetu.

Saa tano usiku, chumba cha dharura cha hospitali ya mkoa. Kijana wa miaka ishirini na kitu ameletwa kwa bodaboda, kaka yake kamshikilia kwa nyuma asianguke. Mkono mmoja kaukandamiza kifuani. Anahema kama aliyeopolewa majini, vidole vimekufa ganzi, shati limelowa jasho, na neno lake ni moja tu: nakufa. Muuguzi anapima presha, imepanda kidogo. Anamtoboa kidole, sukari iko sawa. Waya za kipimo cha umeme wa moyo zinabandikwa, karatasi inatoka, daktari anaisoma mara mbili. Moyo mzima. Inapofika saa sita kasoro kijana ametulia, amebaki na uchovu na aibu. Daktari, ambaye foleni inamsubiri, anampa habari anayoamini ni njema: "Kijana, huna ugonjwa wowote. Nenda kapumzike."

Baada ya wiki mbili kijana amerudi. Mara hii hali imemkuta ndani ya daladala, kati ya kituo na kituo, akamwomba kondakta ashushwe palepale. Vipimo vilevile, majibu yaleyale. Mara ya tatu harudi tena hospitali hiyo. Anakwenda nyingine, kisha kwa mganga, kisha kwenye maombi. Baada ya hapo anaanza kubaki nyumbani.

Wahudumu wa afya wanamfahamu mgonjwa huyu. Hana jina moja, ni wengi. Na kauli ile aliyoambiwa ni kweli kwa moyo wake, lakini si kweli kwake yeye. Anao ugonjwa. Umechunguzwa kwa zaidi ya karne moja, njia zake zinaeleweka, na ni miongoni mwa matatizo ya afya ya akili yanayoitikia tiba vizuri. Kinachoupa nguvu huku kwetu ni kwamba mgonjwa hupimwa kila kitu na kuambiwa kila kitu isipokuwa kile kilichompata.

Dakika kumi ndani ya mwili

Shambulio la hofu huanza ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10 kutimia. Moyo hudunda kwa nguvu, pumzi huwa fupi, kifua hubana, mwili hutetemeka, jasho au baridi humshika mtu, tumbo huvuruga, kichwa huwa chepesi. Wengine huona vitu vilivyowazunguka kama vya ndotoni, au hujiona wenyewe kama wako mbali na miili yao. Juu ya yote huja uhakika wa kutisha: nakufa, nazimia, au nawehuka.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotungwa na mgonjwa. Tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo humwaga adrenalini, na mwili hujiandaa kupigana au kukimbia, kama alivyoeleza mwanafiziolojia wa Harvard, Walter Cannon, mwaka 1915. Moyo huongeza kasi ili misuli mikubwa ipate damu. Ngozi hupauka kwa sababu damu imeitwa kwingine. Tumbo husimamisha kazi yake. Kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani, hayo yote ni msaada. Kwa aliyekaa kwenye kiti akisubiri zamu yake benki, hayana pa kwenda.

Pumzi nayo ina hesabu yake. Anayehema haraka bila kukimbia hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili wake unavyoizalisha. Kiasi chake kikishuka, asidi ya damu hupungua, na mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo husinyaa kidogo. Ndiyo sababu ya kizunguzungu. Kalsiamu iliyo huru katika damu hupungua pia, ndipo midomo inapokufa ganzi na vidole kuchomachoma, hata viganja kujikunja vyenyewe. Mgonjwa huhisi hewa haimtoshi, akavuta zaidi, na kila anapovuta zaidi dalili huongezeka. Wakati wote huo oksijeni imejaa tele kwenye damu yake.

Lipo pia jambo ambalo kila mgonjwa angestahili kuambiwa siku ya kwanza. Mtu kwa kawaida huzimia presha inaposhuka ghafla. Wakati wa shambulio la hofu presha hupanda. Kwa hiyo kile anachokiogopa kuliko vyote akiwa kwenye msongamano, kuanguka mbele ya watu, ni nadra sana kutokea.

Mlinzi wa usiku akipuliza filimbi kwa sababu ya paka aliyeruka ukuta, filimbi ni ya kweli na watu wote wanaamka kweli, ila mwizi hayupo. Ndivyo mwili unavyofanya. Kumwambia mgonjwa kwamba hajaisikia filimbi ni kumdhulumu. Kumwambia kwamba mwizi yupo ni kumtia hofu zaidi.

Hofu ya kuiogopa hofu

Shambulio moja si ugonjwa. Takwimu zilizokusanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa mwaka 2016, kutoka kwa watu zaidi ya 140,000 katika nchi 25, zilionyesha kuwa takriban watu 13 katika kila 100 hupatwa na shambulio la hofu angalau mara moja maishani. Wanaofikia hatua ya ugonjwa wenyewe ni chini ya wawili katika kila 100. Wengi hupatwa mara moja, wakati wa msiba, mitihani au baada ya kukosa usingizi, hali ikapita na maisha yakaendelea.

Ugonjwa huhesabiwa pale mashambulio yanapojirudia bila sababu inayoonekana, na kwa mwezi mmoja au zaidi mtu akaishi kwa kuhofia jingine, au akabadili mwenendo wake ili asikutane nalo. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana hadi miaka ya thelathini, na wanawake wanaoupata ni takriban mara mbili ya wanaume. Kurithi kuna sehemu yake, kwa maana kwamba mtu ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja anao yumo katika hatari kubwa zaidi. Shinikizo la maisha nalo lina sehemu yake: kufiwa, kuvunjika kwa ndoa, kuhamia mji mgeni, kujifungua, kupoteza kazi. Wapo pia wanaoupata wakati maisha yao yametulia kabisa, na hao huteseka zaidi kwa kutafuta sababu isiyopatikana.

Kwa kumtazama tu mgonjwa utaona jinsi ugonjwa unavyosonga mbele. Kwanza anaacha kiti cha dirishani ndani ya daladala na kukaa karibu na mlango. Msikitini anasali safu ya nyuma. Kanisani anakaa benchi la mwisho. Mkobani kuna chupa ya maji, pipi ya mnanaa, vidonge vya kutuliza maumivu, na simu isiyoruhusiwa kuishiwa chaji. Halafu kivuko cha Kigamboni kinakuwa mtihani, kwa sababu katikati ya maji hakuna pa kushukia. Kisha foleni ya benki, saluni, soko la Jumamosi, harusi. Mwisho ni kazi. Mwaka 1871 daktari wa Berlin, Carl Westphal, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii, watu wasioweza kukatiza viwanja na mitaa bila hofu kuu. Wa Berlin na wa Kariakoo hawatofautiani sana.

Kila hatua kati ya hizo ina mantiki. Ameshuka kwenye basi, hofu ikashuka. Kwa hiyo anaamini kushuka kumemwokoa. Ubongo unalipokea hilo kama somo, na kesho unadai lirudiwe. Hivyo kukimbia, kitu pekee kinacholeta nafuu ya papo hapo, ndicho kinachoulisha ugonjwa.

Kutoka moyo wa askari hadi hofu ya mwili

Ugonjwa huu haukuchukuliwa kuwa wa hofu tangu mwanzo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, daktari Jacob Mendes Da Costa wa Philadelphia aliwatibu askari waliolalamikia moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi. Mwaka 1871 alichapisha taarifa yake juu ya kile alichokiita moyo wenye kuchokozeka upesi. Akiwachunguza, moyo wenyewe hakuukuta na kasoro ya kutosha kueleza mateso yao. Kwa miaka mingi baadaye maradhi hayo yalibaki mikononi mwa madaktari wa moyo.

Mabadiliko yalikuja New York karibu na mwaka 1960. Katika hospitali ya Hillside, daktari Donald Klein alikuwa akiijaribu dawa mpya, imipramini, kwa wagonjwa ambao mara kadhaa kwa siku walikuwa wakikimbilia kituo cha wauguzi wakisema wanakufa. Baada ya majuma machache wagonjwa wenyewe walidai dawa haijawasaidia; bado walikuwa na wasiwasi. Wauguzi ndio walioona tofauti: safari za kukimbilia kwao zilikuwa zimekoma. Klein akaelewa kwamba wasiwasi wa muda wote na shambulio la ghafla ni vitu viwili, na kwamba dawa inaweza kugusa kimoja ikaacha kingine. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliutaja ugonjwa huu peke yake kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Oxford, David Clark, aliongeza kiungo kilichokuwa kimekosekana. Kwa maelezo yake, injini ya shambulio ni tafsiri. Mtu anahisi moyo umeruka pigo moja, labda kwa sababu ya kahawa au ngazi alizopanda. Anaitafsiri hali hiyo kuwa dalili ya kifo. Tafsiri inaleta hofu, hofu inaongeza mapigo, mapigo yanathibitisha tafsiri. Mduara huo ukikatwa popote, shambulio hukosa nguvu.

Kabla ya Klein na Clark kuandika kwa lugha ya kitaalamu, daktari mwanamke wa Australia, Claire Weekes, alikwisha kulijua jambo hili kutokana na mwili wake. Akiwa kijana aliteswa na mapigo ya moyo yasiyotulia. Rafiki yake aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia akamwambia kwamba moyo wake nao ulifanya vivyo hivyo vitani, na kwamba kinachomsumbua ni kuiogopa hofu. Kitabu alichokiandika mwaka 1962 kiliwafunza wagonjwa kuikabili hali hiyo, kuikubali, kuelea nayo badala ya kushindana nayo, na kuupa muda nafasi. Tiba ya leo imejengwa kwa vipimo na majaribio mengi, lakini roho yake ni ileile.

Presha, vidonda vya tumbo na majini

Huku kwetu mgonjwa hupitia majina mengi kabla ya kufika kwenye lile lake. Ataambiwa ana presha, kwa sababu ilipimwa akiwa kwenye shambulio. Ataambiwa gesi au vidonda vya tumbo, kwa sababu kifua kinamchoma. Akiwa binti ambaye hajaolewa, wapo watakaotaja jini mahaba. Akiwa amepandishwa cheo karibuni, watatajwa wafanyakazi wenzake na husuda zao. Kombe litaandikwa na kunywewa, visomo vitasomwa, mchungaji ataweka mikono kichwani.

Siandiki haya kuwabeza watu wa dini. Sala humpa mtu nguvu ya kusubiri, na kusikilizwa na sheikh au mchungaji mwenye huruma ni nafuu ya kweli. Lakini iko siri moja ya ugonjwa huu inayowachanganya wengi: shambulio hupoa lenyewe. Likishafika kileleni huanza kushuka, iwe mtu amefanya jambo au hakufanya. Kwa sababu hiyo chochote kilichofanyika dakika ya 8 hupewa sifa ya kuponya dakika ya 15. Dripu hupewa sifa hiyo, sindano ya usingizi hupewa, maji ya kombe hupewa, hata soda iliyonunuliwa kwenye duka la jirani. Familia hulipa tena na tena kwa kitu ambacho muda ungekifanya bure, na shambulio lijalo hukuta hakuna kilichobadilika.

Kwa mgonjwa, maelezo ya jini yana hatari ya pekee: yanamhakikishia kwamba mwizi yupo. Anayeamini kwamba kuna kitu ndani yake kinachotaka kumuua ataulinda mwili wake saa zote, ausikilize kila unapogonga, na kwa kuusikiliza hivyo atazipata dalili nyingi zaidi.

Vipimo kwanza, kisha vikome

Hakuna anayepaswa kujipa jina la ugonjwa huu kwa kusoma gazeti. Mtu akipatwa kwa mara ya kwanza aende hospitali, na upesi zaidi ikiwa amevuka miaka 40, ana kisukari au shinikizo la damu, maumivu yanasambaa hadi mkononi au tayani, yanakuja akifanya kazi nzito, au amezimia kweli. Mama aliyejifungua karibuni akibanwa na pumzi ghafla asiambiwe ni wasiwasi kabla ya kuchunguzwa, kwa kuwa damu iliyoganda inaweza kufika kwenye mapafu.

Yapo maradhi yanayofanana sana na hofu: tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka, pumu, na mapigo ya moyo yaliyopoteza mpangilio. Mtaani nako kuna wachochezi. Kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva na wanafunzi hukesha navyo, miraa au mirungi yenye kemikali ya kathinoni inayoamsha mwili, bangi, na pombe ambayo humtuliza mtu usiku na kumwachia mtetemo asubuhi. Wapo ambao mashambulio yao hupungua sana kwa kuacha kimojawapo cha hivyo.

Kipimo cha umeme wa moyo, wingi wa damu, sukari, na thairoidi inapohitajika, kwa kawaida vinawatosha vijana wasio na dalili nyingine. Baada ya hapo kurudia vipimo kila mwezi ni sehemu ya ugonjwa. Karatasi mpya humtuliza mgonjwa siku chache, kisha anahitaji nyingine.

Tiba ya kuikaribia hofu

Tiba iliyothibitishwa kuliko zote inaitwa tiba ya fikra na tabia. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, saa moja hivi kila wiki, na mgonjwa hupewa kazi za kufanya nyumbani. Hatua ya kwanza ni maelezo kama yaliyo juu hapa, ya adrenalini na pumzi. Wengine hupata nafuu wanapoambiwa tu kwa nini vidole vinakufa ganzi.

Hatua ya pili huwashangaza wengi: mgonjwa huziita dalili kwa makusudi. Mbele ya mtaalamu anakimbia papo hapo kwa dakika moja. Anazungushwa kwenye kiti hadi apate kizunguzungu. Anapumua kwa mrija wa soda huku pua ameibana. Kabla ya zoezi anaandika anachokitarajia, kwa mfano "nitazimia", na baadaye anaandika kilichotokea. Moyo umekwenda mbio, kichwa kimezunguka, kisha vyote vimetulia, na yeye bado amekaa. Ushahidi huo ameutoa mwili wake mwenyewe, na una uzito kuliko maneno ya kumbembeleza. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba hufanya mazoezi haya kwa ushauri wa daktari tu.

Hatua ya tatu ni kurudi mahali palipokimbiwa. Tuseme mkazi wa Kimara ameacha kupanda mwendokasi. Yeye na mshauri wake huandika ngazi kwenye daftari, kuanzia hofu ndogo. Kwanza anasimama kituoni Kimara Mwisho pakiwa na watu, bila kupanda, hadi hofu ishuke. Kisha anapanda na kushuka Ubungo akiwa na mwenzake. Kisha safari hiyohiyo peke yake. Akishaizoea anafika Magomeni, mchana. Mwisho anakwenda hadi Kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, basi limejaa, amesimama katikati, mbali na mlango, na chupa ya maji kaiacha nyumbani. Kila safari anaipa hofu yake namba, sifuri hadi 10, mwanzo na mwisho. Sharti ni moja: asishuke hofu ikiwa kileleni. Akibaki hadi ipungue, ubongo unapata somo jipya. Ngazi moja hurudiwa hadi ichoshe ndipo ifuatayo ianze.

Mwaka 2000 utafiti wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 312 uliilinganisha tiba hii na imipramini. Zote mbili zilisaidia. Tiba ilipokwisha, waliojifunza mbinu hizi ndio walioendelea vizuri zaidi, kwa sababu walichojifunza walibaki nacho.

Dawa: zinazoponya na zinazotuliza

Si kila mtu atampata mtaalamu wa mazungumzo, na kwa baadhi ya wagonjwa hofu ni kali kiasi kwamba hawawezi kuanza mazoezi. Hapo dawa zina nafasi ya heshima. Za kwanza ni za kundi linaloongeza kazi ya serotonini kwenye ubongo, kama setralini na fluoksetini. Imipramini, dawa kongwe iliyoanzisha safari hii, bado hufanya kazi.

Mambo matatu huwafanya wengi waziache mapema, na yote yangezuilika kwa maelezo ya dakika mbili. Dawa hizi hazifanyi kazi siku hiyohiyo. Huhitaji wiki kadhaa. Siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo. Na mtu akipata nafuu hudhani amepona akaziacha ghafla; asifanye hivyo. Huendelea nazo kwa miezi mingi, kisha hupunguzwa polepole akiwa chini ya uangalizi.

Diazepamu na ndugu zake ni habari nyingine. Hutuliza haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwili huzizoea, dozi hupanda, na kuziacha huleta hofu kali kuliko ile ya mwanzo. Zaidi ya hayo, anayevuka kivuko kwa nguvu ya kidonge hajifunzi kwamba angevuka bila kidonge. Vidonge vya namna hii vinavyonunuliwa dukani bila cheti, au kuazimwa kwa jirani, vimewaingiza watu kwenye tatizo la pili kabla ya kutoka kwenye la kwanza.

Kwa aliye karibu na mgonjwa

Mwenzako akishikwa mbele yako, kaa naye. Ongea taratibu, kwa sauti ya chini. Usimzungushie umati, usimmwagie maji, usimpe mfuko wa karatasi wa kupumulia. Kama tatizo kumbe ni pumu au moyo, mfuko huo unaweza kumdhuru. Mwambie avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Mkumbushe kwamba hali hii imewahi kupita na itapita. Kisha, ikiwezekana, mbaki palepale hadi ipungue, muendelee na shughuli mliyoijia.

Jambo gumu zaidi huwahusu wenye upendo mkubwa zaidi. Mama anayemsindikiza mwanawe wa miaka 28 kila mahali, mume anayekwenda sokoni badala ya mkewe kwa miaka, dada anayepigiwa simu kila saa kuthibitisha kwamba hakuna kitakachotokea: hao wote wanasaidia kwa leo na kuuimarisha ugonjwa kwa kesho. Usiuondoe msaada huo ghafla. Upunguzeni pamoja, kwa makubaliano, ngazi kwa ngazi. Na tuache kumwambia mtu "jikaze" au "unajiendekeza". Anayepanda basi akiamini atafia humo, na akapanda hivyohivyo, amejikaza kuliko sisi tuliokaa viti vya mbele.

Kipi kibadilike

Watu wengi hawafiki kwenye tiba kwa sababu ya sifa ya mahali inapotolewa. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Zanzibar ni hospitali zinazofanya kazi kubwa, lakini majina yake yamegeuzwa matusi mtaani, na kijana mwenye akili timamu anayesumbuliwa na hofu anaogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya akili. Nchini Kenya, mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dk. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Pendekezo hilo lilikuwa sahihi, na uzito wake unavuka mpaka.

Mfano wa njia nyingine uko Zimbabwe. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza bibi wa mitaani kukaa na wenye msongo kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, za wasiwasi zikiwemo. Mfumo huo umekwisha kufika Malawi na Zanzibar. Muuguzi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akifunzwa vizuri na akisimamiwa, anaweza kumfunza mgonjwa pumzi na ngazi za daftari.

Lakini badiliko la kwanza halisubiri mafunzo wala bajeti. Liko kwenye ile kauli ya usiku wa dharura. Badala ya "huna ugonjwa wowote", daktari aseme hivi: "Moyo wako ni mzima, nimeupima. Kilichokupata kinaitwa shambulio la hofu. Ni kitu cha kweli, hakiui, na kina tiba. Kinaweza kurudi; kikirudi, kaa hapohapo hadi kishuke. Njoo kliniki wiki ijayo tuzungumze." Maneno hayo hayamalizi dakika moja. Mgonjwa anaondoka na jina, maelezo na miadi, na familia yake inajua isitumie fedha zake wapi. Kila hospitali yenye chumba cha dharura inaweza kuanza leo usiku.